Koti la Msemaji

Pasi ilikuwa bado imelala pale pale tulipoiacha wiki iliyopita, mwisho wa sehemu iliyotangulia: juu ya koti la kijivu, mgongoni, nayo imewaka. Mama Mikunjo alikuwa bado ameshika ukurasa wa gazeti kwa mikono miwili, macho yamemtoka, hasikii harufu.

Aliyeisikia ni Mpinzani.

"Dada," alisema, sindano ikiwa mdomoni. "Koti."

Mama Mikunjo akainyanyua pasi. Alikuwa amechelewa. Mgongoni mwa koti palibaki doa la hudhurungi, lenye ncha mbele na tumbo nyuma, kana kwamba pasi imepigwa picha ya kumbukumbu.

Lingekuwa koti la mteja wa kawaida, angeomba radhi akalia kidogo, mambo yakaisha. Lakini hili lililetwa na Fundi Lifti, kijana anayetaka kumuoa binti yake wa pekee. Alilileta pamoja na suti yake mwenyewe, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, hili la mjomba. Ndiye atakayenisemea." Na siku ya kusemewa ilikuwa leo jioni.

Na ukurasa ule je? Alikuwa ameuchukua ili afungie suti ya kijana. Juu yake palikuwa na picha ya mtu aliyevaa ovaroli, bisibisi mfukoni, anacheka. Fundi Lifti yule yule. Chini ya picha, kwa herufi nene: FUNDI WA LIFTI ASAKWA, AMFUNGIA WAZIRI.

Kwa hiyo kabla hata hajanywa chai, Mama Mikunjo alikuwa amechoma koti la msemaji na kugundua kuwa mkwe anatafutwa na serikali.

Akaukunja ukurasa upesi, autie chini ya blanketi la meza. Mkono mnene, wenye povu la sabuni, ukauwahi.

"Habari ni mali ya umma," alisema Spika.

Huyu Spika ndiye mfuaji wa duka lile la dobi. Ana mikono kama ya mpiga ngumi na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Mpinzani ndiye mshonaji wa vifungo na pindo, mwembamba, mkali, hajawahi kukubaliana na mtu tangu aajiriwe. Mama Mikunjo ndiye mpiga pasi mkuu, mjane, mpole, na jina lake alipewa kwa sababu hakuna mkunjo uliowahi kumshinda. Hao watatu ndio Bunge la Pasi. Redio ilikufa zamani kwa mvuke, na tangu hapo habari zote za nchi huzipata kwenye magazeti ya kufungia nguo.

Magazeti hayo hununuliwa kwa kilo kutoka kwa muuza karatasi chakavu. Ni mapana kuliko kaunta, basi Spika huyakata upande wa juu kwa mkasi ili yakae sawa. Na huko juu ndiko tarehe ilipo. Kwa hiyo katika duka lile habari zote ni za leo.

Juzi juzi walishangilia bei ya sukari kushuka. Mpinzani akakimbia dukani na kapu, akarudi na kapu tupu na matusi kemkem. Kabla ya hapo walimhurumia mchezaji wa mpira aliyevunjika mguu, na jioni ile ile wakamwona kwenye televisheni ya kinyozi wa jirani akifunga goli kwa mguu huo huo. Spika alisema sayansi imesonga mbele. Kuna waziri mmoja aliyejiuzulu kwao mara mbili, na katikati akaapishwa.

Sasa Spika alichukua brashi yake ya kusugulia kola, akagonga kaunta.

"Kikao kimeanza. Ee, hebu ngoja." Aliusogeza ukurasa karibu na dirisha. "Huyu si mkwe wetu?"

Maji yalidondoka kwenye beseni, tone, tone.

"Ndiye," alisema Mama Mikunjo.

Spika akasoma kwa sauti, akishusha pumzi kwenye kila nukta. Waziri alikuwa ametoka ofisini jioni, peke yake, na kile gazeti lilichokiita mizigo yake binafsi. Lifti ikakwama kati ya ghorofa ya nne na ya tatu. Fundi wa jengo hakuonekana. Mkubwa mmoja asiyetaka kutajwa alisema huo ni mkono wa maadui wa maendeleo, na polisi wamefunga barabara zote za kutokea mjini. Kuhusu yaliyokuwa ndani ya lifti, msomaji aendelee ukurasa wa saba.

"Wa saba uko wapi?" aliuliza Mpinzani.

Walipekua rundo zima. Kulikuwa na wa tano, na wa kumi na mbili wenye matangazo ya vifo. Wa saba ulikuwa umeshaondoka na mashuka ya nyumba ya wageni.

"Basi tutajadili hiki tulicho nacho," alisema Spika. "Hoja iliyo mbele yetu: mtu amemfungia waziri. Je, ni mhalifu?"

"Mwongozo wa Spika," alisema Mpinzani.

"Mwongozo gani tena?"

"Kwanza tutajie ni kosa la kifungu gani. Mimi mwaka mzima nafungiwa maji na mawaziri hao hao, sijaona picha ya mtu gazetini."

Spika alijibu kwamba serikali ni serikali hata ikiwa ndani ya sanduku. Mpinzani akasema huko ndiko inakofaa kukaa. Spika akamtaka afute kauli. Mpinzani akasema atafumua pindo, kauli hafuti. Waliendelea hivyo kwa muda mrefu, mmoja akimtetea waziri ambaye hajawahi kumsalimia, mwingine akimtukana waziri ambaye hajawahi kumwona. Lakini mikono ya Mpinzani haikusimama. Wakati mdomo unapinga, vidole vilikuwa vimeligeuza lile koti la kijivu ndani nje na kuanza kufumua mshono wa mgongoni.

Mama Mikunjo aliliona hilo. Hakuwa amemwomba.

"Doa limekaa karibu na mshono," Mpinzani alimnong'oneza. "Nitakunja huku na huku, liingie ndani, nishone juu yake. Litakuwa jembamba kidogo. Huyo mjomba ana tumbo?"

"Sijawahi kumwona. Fundi hana wazazi, ndiye mkubwa wake pekee."

"Basi tumwombee awe amekonda."

Spika akagonga brashi kuzuia minong'ono, kisha akatoa uamuzi uliomkata Mama Mikunjo maini. Alisema Afande wa kituo cha jirani atapita asubuhi hii kuchukua sare zake, kama kawaida yake, na yeye Spika kama raia mwema ataukabidhi ukurasa mkononi mwake.

Mama Mikunjo aliiweka pasi wima, akamkabili.

"Spika," alisema taratibu. "Wewe ndiye uliyebeba jeneza la mume wangu upande wa kichwa. Wewe ndiye nimekuomba uje kusema kwa niaba yetu leo. Ukimkamatisha mtu asubuhi, jioni utaongea na nani?"

Spika aliitazama brashi yake. Masikio yakamwiva.

"Kiti hakina upande," alisema, lakini kwa sauti ndogo.

"Mimi huyo waziri simjui na sina haja naye. Ninachotaka kujua ni kwa nini kijana hakuniambia. Binti yangu nilimlea peke yangu. Sitampa mtu mwenye mlango wa nyuma."

Kivuli kipana kikaziba mlango. Afande alikuwa amefika, kofia kwapani, anahema kwa sababu ya ngazi tatu za barazani.

Mama Mikunjo akamwangalia Spika. Spika akamwangalia Afande. Ukurasa ulikuwa pale juu ya kaunta, picha ikiangalia juu, inacheka.

Na nyuma ya Afande, kana kwamba wameahidiana, akaingia mwenye picha.

"Shikamoo mama," alisema Fundi Lifti. "Nimekuja kuzichukua."

"Marahaba, baba," Mama Mikunjo alijibu.

Afande alikuwa ameshauona ukurasa. Aliunyanyua, akausoma kwa utulivu kama anayekagua leseni. Akaitazama picha. Akageuka, akamtazama Fundi kutoka viatuni hadi nywele. Akarudi kwenye picha.

"Ni wewe?"

Fundi aliuona ukurasa, na cheko lote likamtoka usoni.

"Ni mimi, afande."

Mpinzani alishika mkasi wake. Mpaka leo haijulikani alitaka kufanya nao nini.

Afande akaweka kofia kaunta. Akauliza gazeti hili ni la lini. Hakuna aliyejua. Akauliza juu yake pamekwenda wapi. Macho yote yakamgeukia Spika, na Spika akauficha mkasi mgongoni kama mtoto aliyekutwa na kijiko cha asali.

"Waziri huyu," Afande alisema, "alifukuzwa kabla sijapandishwa cheo. Na mimi nimeshapandishwa mara mbili." Akamgeukia Fundi. "Kwa ajili yako nilisimama kwenye kizuizi usiku kucha, kijana. Mvua yote ile. Nilifungua buti za magari mpaka nikakuta mbuzi. Kesho yake tukaambiwa tuache, hakuna kesi. Hawakutuambia kwa nini. Ulikuwa wapi?"

"Kwenye lifti, afande. Ghorofa ya nne. Nimekaa chini, mlangoni."

"Usiku wote?"

"Usiku wote. Hakuna aliyekuja kutafuta pale."

Afande akafikiri. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, na kicheko kikafuata baadaye, kirefu, mpaka akatafuta kiti.

Ndipo Bunge likaupata ukurasa wake wa saba, kutoka kwa mwenyewe. Fundi alisimulia akiwa amesimama, anazungusha funguo zake kidoleni. Lifti ile ilikuwa na kifaa kilichokwisha siku nyingi. Aliomba kibali cha kununua kipya. Kibali kikapanda ngazi moja moja mpaka mezani kwa waziri, kikakaa hapo kikisubiri sahihi. Jioni ile kifaa kikakata roho waziri akiwa ndani. Fundi akakimbilia ofisini kwake, akakitoa kibali chini ya kikombe, akakipenyeza kwenye upenyo wa mlango wa lifti pamoja na kalamu.

"Akasaini?" aliuliza Mpinzani.

"Haijawahi kutokea sahihi ya upesi namna ile."

Lakini mwenye ghala la vipuri alikuwa ameshafunga na kwenda kwao, na simu yake imezimwa. Walinzi wakapiga kelele chini, wakubwa wakapigiana simu, magari ya polisi yakawashwa. Fundi akabaki juu. Alipitisha mpira mwembamba kwenye upenyo, akawa anamnywesha maji. Taa ya ndani ilikuwa imekufa. Mtu alikuwa analia humo.

"Alilalia nini?" aliuliza Spika, ambaye hupenda mambo madogo madogo.

"Mapazia."

"Mapazia gani?"

Fundi alisita. "Ya ofisini. Mapya. Alikuwa anayapeleka nyumbani kwake."

Basi hapo kikao kikavunjika. Mpinzani alicheka mpaka akajidunga sindano. Spika, mtetezi wa serikali tangu asubuhi, akahama kambi bila kuaga. Alimwita waziri yule mwizi wa mapazia, akamwita bwana dirisha, akaapa kwamba angemwona leo angemuuliza alikosa nini kwenye maisha mpaka akahitaji pazia la umma. Afande alifuta machozi kwa kofia.

Wawili tu hawakucheka. Mmoja ni Fundi. Wa pili ni Mama Mikunjo, aliyekuwa akimtazama Fundi asivyocheka.

"Mwanangu," alisema, wengine walipotulia. "Pale hukuwa na la kutengeneza mpaka asubuhi. Ungeweza kwenda nyumbani ukalala."

"Ningeweza, mama."

"Mbona hukwenda?"

Fundi akainua mabega. "Alikuwa anaogopa."

Mama Mikunjo akachukua kitambaa, akafuta kaunta iliyokuwa safi. Kuna watu wanaokuletea zawadi za sanduku zima na usizione, na kuna neno moja la mtu likaingia ndani likakaa. Moyoni alikuwa ameshampa binti yake. Ila mama ni mama, lazima aulize mpaka mwisho.

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ningeanzaje, mama? Hodi, naitwa fulani, nampenda binti yako, nimewahi kusakwa na serikali?"

"Ungeanza hivyo hivyo. Mimi napenda mtu anayesema mambo yake mapema, kabla hayajasemwa na wengine."

"Nimekosa. Basi kuna jambo lingine pia, mama. Yule waziri, siku hizi..."

Lakini Spika, mwenye haraka ya kuonyesha kwamba hana kinyongo, alikuwa ameshamsukumia vifurushi viwili kifuani, vimefungwa kamba, fundo la kipepeo. Suti moja, na koti ambalo Mpinzani alikuwa ameshalimaliza. Alimwambia bwana arusi hatakiwi kusimama dobi mchana, aende akaoge. Afande naye akakumbuka kwamba lifti ya kituoni imekwama tangu mwezi uliopita na mahabusu wanapanda kwa miguu, hata wao wanalalamika. Akamshika mkono ampeleke akaione.

Mlangoni Fundi akageuka.

"Mama, leo jioni mlango msiufunge. Mjomba hawezi kukaa chumba kilichofungwa. Ukifungwa tu, anaondoka."

"Hata mvua ikinyesha?"

"Hata ikinyesha."

Mama Mikunjo akafungua mdomo. Lilikuwa hapo hapo kwenye ulimi: mwanangu, koti la mjomba nimelichoma. Mpinzani akamkanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu, akitabasamu. Na Mama Mikunjo, yeye aliyetoka kudai mambo yasemwe mapema, akanyamaza. Kijana akaondoka.

Alikaa na aibu hiyo kama mtu mwenye kokoto kiatuni. Akapiga pasi mashati matatu. Kisha akautafuta ule ukurasa. Alitaka kumpelekea binti yake, wacheke pamoja.

"Spika, gazeti lile liko wapi?"

"Lipi?"

"Lenye picha."

Spika alikuwa anasugua kola. Akajibu bila kuinua kichwa, kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi nzuri.

"Nimefungia koti la mjomba. Nimelikunja vizuri, kichwa cha habari kikae ndani, akifungua tu akione."

*

Jua lilipokuwa linashuka, sebule ya Mama Mikunjo ilikuwa imejaa viti vya majirani. Mlango ulikuwa wazi, umezuiwa kwa tofali. Mawingu yalikuwa yametanda, na upepo ulikuwa unageuza kurasa za kalenda ukutani.

Spika alikuwa amevaa shati jeupe lililonyooka kuliko yeye mwenyewe. Mpinzani alikaa mahali pa kuuona mlango. Alikuwa ameshakula kucha mbili.

Jikoni, binti alipanga vikombe kwenye sinia, akavipangua, akavipanga tena.

"Mama, naomba nikwambie kitu kuhusu mjomba wake," alisema. "Si mjomba wa damu."

"Hata awe mjomba wa barabarani, mradi ana adabu. Mimi nina langu zito zaidi, mwanangu. Koti lake..."

Hodi ikapigwa. Hakuna aliyesema lake.

Fundi aliingia wa pili, suti imemkaa, macho sakafuni. Aliyetangulia alikuwa mzee wa makamo mwenye mvi zilizochanwa vizuri, anatembea kwa kujinyoosha sana, hageuki kulia wala kushoto. Koti la kijivu alikuwa amelivaa. Kifungo cha tumboni kilikuwa kimevutwa kama kamba ya mbuzi. Kwapani alibana gazeti lililokunjwa.

Mjomba hakuwa amekonda.

"Yesu na Maria," alinong'ona Mpinzani, ambaye siku nyingine hupinga hata dua.

Mzee alisalimia kila mtu, mmoja mmoja, kwa heshima. Alipofika kwa Mama Mikunjo alimshika mkono kwa mikono yote miwili, akamwambia kwamba ameambiwa habari zake mpaka anaona kama anamfahamu. Kisha akakaa kwenye kiti kilicho karibu zaidi na mlango, kwa uangalifu, kama anayekalia mayai. Mvua ikaanza, na matone yakamfikia viatuni. Hakusogea.

Spika aliona wajibu wake. Mgeni anatakiwa achangamshwe kabla ya neno kubwa.

"Mzee wangu," alianza, akisogeza kiti mbele. "Umesikia habari ya waziri wa mapazia?"

Fundi alifumba macho.

"Nimeisikia," alisema mzee.

"Si alikwama kwenye lifti na mali ya umma?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Sisi leo tumecheka mpaka basi. Yaani mtu mzima, umepewa nchi uiangalie, unaangalia madirisha. Mimi ningemwona..."

Binti alikuwa ameingia na sinia. Alisimama katikati ya chumba, akimkata Spika jicho ambalo lingemkausha mtu mwenye akili. Spika akaendelea.

"...ningemuuliza: mheshimiwa, hayo mapazia hata yalikuwa ya rangi gani?"

"Kijani," alisema mzee. "Na yaliniwasha shingoni mpaka asubuhi."

Mvua ilisikika vizuri sana juu ya bati.

Mdomo wa Spika ulibaki wazi, lakini kikao kilikuwa kimekwisha ndani yake. Mama Mikunjo alimtazama mzee, akautazama mlango wenye tofali, akamtazama Fundi. Yote yakajipanga: mjomba asiye wa damu, chumba kisichofungwa, jambo lingine ambalo kijana alitaka kulisema pale kaunta. Miaka yote hii mtu aliyekuwa analia ndani ya lifti hakumwacha aliyekaa mlangoni, na aliyekaa mlangoni hakumwacha yeye. Na leo kijana alipohitaji mkubwa wa kumsimamia, huyu ndiye aliyesimama.

Na wao walikuwa wamemfungia koti kwa gazeti la fedheha yake.

Mzee akainama mbele, aliweke lile gazeti mezani. Koti likavumilia. Akanyoosha mkono kidogo zaidi.

Mshono wa mgongoni ukaachia, kutoka kiunoni hadi kwenye kola, kwa sauti ndefu ya kupasuka. Kitambaa kikafunguka pande mbili kama kitabu. Na katikati, mbele ya macho ya binti aliyekuwa nyuma yake na sinia, likajitokeza doa la hudhurungi lenye ncha mbele na tumbo nyuma.

Vikombe viligongana. Havikuanguka.

Mzee hakugeuka. Alivua koti polepole, mkono mmoja, kisha wa pili. Akalitandaza mezani, doa juu. Pembeni yake akaufungua ukurasa, picha ya Fundi ikicheka, herufi nene zikielekea kwa wenyeji. Akabaki na shati.

"Nimekuja kumwombea kijana mke," alisema. "Sina mtoto wa kiume zaidi ya huyu. Leo mchana nimefungua kifurushi nikakuta hili gazeti. Sasa naona na hili doa. Nimewahi kuchekwa na nchi nzima, kwa hiyo kuchekwa na watu wanne sikuogopi. Ila kabla sijasema neno lililonileta, naomba kujua. Ni nani aliyefanya hivi?"

Fundi alitaka kusimama. Mzee akamwekea mkono gotini.

Mama Mikunjo alikuwa ameshainuka. Alimwona binti yake, macho yamejaa, sinia bado mikononi. Aliona yote aliyoyalea yakining'inia kwenye uzi mmoja, na uzi wenyewe yeye ndiye aliyeuchoma.

"Mimi," alisema.

Lakini hakuwa amesema peke yake. Kulia kwake Spika alikuwa amesimama, shati jeupe limelowa jasho kwapani. "Mimi," alisema Spika. Na kushoto Mpinzani naye alikuwa wima, kidevu juu. "Mimi," alisema Mpinzani, kwa mara ya kwanza maishani akikubaliana na Spika.

Mzee akawatazama wote watatu. Akaanza kwa Spika, akaenda kwa Mpinzani, akamalizia kwa Mama Mikunjo, na hapo akakaa muda mrefu. Alipitisha kidole juu ya doa la pasi, akifuata ukingo wake mpaka kwenye ncha.

Kisha akasema neno ambalo Fundi Lifti hakuwahi kulisikia kutoka kinywani mwake tangu ile asubuhi ya lifti.

"Fungeni mlango."

Fundi akainua kichwa, rangi imemtoka. Hakuna aliyesogea. Ndipo Mama Mikunjo akavuka chumba, akalisukuma tofali kwa mguu, na mlango, kwa uzito wake wenyewe, ukajifunga. Mzee hakuondoka; alikivuta kiti chake karibu na wenyeji.